Mama alikuwa na Alzheimer. Je, nipime damu nijue kama nami nitaupata?

Swali: Daktari, mama yangu alianza kusahau akiwa na miaka 74, hospitali ikathibitisha ni Alzheimer, na tulimuuguza nyumbani mpaka alipofariki akiwa na miaka 81. Mimi nina miaka 54. Mwaka huu nimeanza kusahau majina ya watu ninaowafahamu vizuri, na mara nyingine naingia chumbani nisikumbuke nilichofuata. Nimesoma kwamba sasa kuna kipimo cha damu kinachougundua ugonjwa huu, na dawa mpya zinazosafisha ubongo. Nipime? Nikikutwa nao, nianze dawa mapema? Na hiyo jeni wanayosema inarithiwa, nayo nipime?

Jibu:

Dada, pole kwa msiba wa mama na kwa miaka yote ya kumuuguza. Aliyemuuguza mgonjwa wa Alzheimer ameuona ugonjwa huu kwa karibu kuliko daktari yeyote, kwa hiyo sitakusimulia ulivyo. Nitakupa jibu kwanza, sababu zifuate, maana sababu ndizo zitakazokusimamisha siku mtu mwingine atakapotaka kukuuzia kipimo.

Kipimo cha damu cha Alzheimer usikifanye kwa sasa. Jeni nayo iache. Usahaulifu wako nenda nao kwa daktari, lakini kwa vipimo vingine, vya kawaida kabisa. Na yapo mambo machache ambayo kwa mtu wa miaka 54 yana uzito kuliko vyote ulivyoviuliza. Hayo nitayafikia mwishoni.

Tuanze na usahaulifu wenyewe, kwani ndio uliokutia hofu. Jina linalokataa kuja mdomoni, kisha likajitokeza lenyewe jioni ukiwa umeshaacha kulitafuta, halijapotea. Lipo, ila kwa muda ule hukuweza kulifikia. Katika Alzheimer inayoanza tatizo ni jingine: jambo jipya halihifadhiwi tangu mwanzo. Mtu anazungumza nawe asubuhi kuhusu safari, mchana anakuuliza swali lilelile, na ukimkumbusha mazungumzo ya asubuhi hapati chochote, kana kwamba hayakuwahi kutokea. Nadhani ulilishuhudia hilo kwa mama. Basi jiulize: mimi nikikumbushwa, nakumbuka? Nikirudi nilikotoka, kile nilichokifuata chumbani kinanijia? Kama kinakujia, hiyo ni kumbukumbu ya mtu aliyechoka au mwenye mawazo mengi. Kuna dokezo jingine ambalo madaktari wa ubongo hulitazama sana: mara nyingi mgonjwa mwenyewe ndiye wa mwisho kujua. Anayekuja peke yake na orodha ya mambo aliyoyasahau hunitia wasiwasi mdogo zaidi kuliko anayeletwa na watoto wake huku akisisitiza kwamba hana tatizo lolote.

Sikuambii upuuze. Mwanamke wa umri wako yumo katika miaka inayozunguka kukoma hedhi, na tafiti zilizowafuatilia wanawake kwa miaka mingi zimeonyesha kwamba katika kipindi hicho uwezo wa kujifunza na kukumbuka mambo mapya hushuka kidogo, kisha kwa wengi hurejea kikishapita. Usingizi unaokatikakatika usiku unachangia. Majonzi yanachangia. Sonona, ambayo mara nyingi huwapata waliouguza mtu kwa muda mrefu, inaweza kuiga demenshia (kupotea kwa kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, ambako Alzheimer ndiyo chanzo chake kikubwa) kiasi cha kumdanganya hata daktari mzoefu. Upungufu wa vitamini B12 huharibu kumbukumbu, na hutokea zaidi kwa watu wanaotumia metformini ya kisukari kwa miaka. Tezi ya thairoidi iliyolegea nayo huharibu. Ndivyo ilivyo pia kwa kukoroma kunakoambatana na kukatika kwa pumzi usingizini, pombe, VVU na kaswende. Halafu kuna dawa zenyewe: zile za zamani za mzio zinazoleta usingizi, baadhi ya dawa za kutuliza kibofu, amitriptilini, na vidonge vya usingizi. Haya yote yana kipimo rahisi au swali rahisi, na mengi yana tiba. Inaniumiza kuona mtu akikimbilia kipimo kipya cha kisasa huku hakuna aliyewahi kumpima thairoidi.

Sasa kipimo cha damu. Ni hatua kubwa kweli, na sitaki tahadhari yangu ikufanye udhani nakidharau. Mwaka 1906 Alois Alzheimer alieleza kwa mara ya kwanza alichokiona kwenye ubongo wa mgonjwa wake aliyefariki: mabonge yaliyojikusanya nje ya seli za neva, na nyuzi zilizojisokota ndani ya seli hizo. Leo tunajua mabonge yale ni ya protini inayoitwa beta-amiloidi, na nyuzi ni za protini inayoitwa tau. Kwa karibu karne nzima, njia pekee ya kuwa na uhakika ilikuwa kuupasua ubongo baada ya kifo. Mwaka 2004 zilichapishwa picha za kwanza za PET (picha zinazopigwa baada ya mtu kudungwa kemikali yenye mionzi kidogo) zilizoonyesha amiloidi ndani ya ubongo wa mtu aliye hai. Maji ya uti wa mgongo nayo yakawa njia nyingine. Lakini mashine za PET ni chache na ghali, na si kila mtu yuko tayari kuchomwa sindano mgongoni.

Hapo ndipo damu ilipoingia. Amiloidi inapojikusanya, seli za neva hutoa kwa wingi aina fulani ya tau iliyobandikwa fosfati mahali maalumu, na kiasi kidogo sana cha hiyo tau hufika kwenye damu. Aina inayofuatiliwa zaidi ni p-tau217. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lund, Uswidi, walichapisha matokeo ya watu 1,213 waliokwenda kwa daktari kwa sababu ya matatizo ya kumbukumbu. Madaktari wa huduma ya msingi, wakitumia mazungumzo, vipimo vya kumbukumbu na picha za kawaida za ubongo, walitambua kwa usahihi kama kuna Alzheimer au hakuna kwa takriban asilimia 61. Mabingwa wa demenshia walifikia asilimia 73. Kipimo cha damu kilifikia takriban asilimia 90. Mwezi Mei 2025 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, iliruhusu kipimo cha kwanza cha damu cha aina hii, kinacholinganisha p-tau217 na beta-amiloidi. Katika sampuli 499 zilizochunguzwa, karibu 92 kati ya kila watu 100 waliopata jibu la “ndiyo” walikuwa na amiloidi kweli kwa PET au maji ya uti wa mgongo, na 97 kati ya kila 100 waliopata “hapana” hawakuwa nayo. Chini ya asilimia 20 walibaki katikati, bila jibu.

Kwa tarakimu hizi utaniuliza, sasa unanikataza nini? Tazama nani waliopimwa. Kibali cha FDA kinasema wazi: watu wa miaka 55 na kuendelea wenye dalili, wanaohudumiwa na wataalamu wa matatizo ya kumbukumbu. Katika utafiti wa Uswidi pia, wote walikuwa na malalamiko ya kumbukumbu, na karibu nusu yao walikuwa na Alzheimer kweli. Kipimo kilekile, ukikipeleka kwa kundi jingine la watu, jibu lake hubadilika maana. Tufanye hesabu pamoja, kwa sababu hapa ndipo watu wengi hupotea.

Chukua watu 1,000 wa takriban umri wako wasio na ugonjwa wa kumbukumbu. Uchambuzi mkubwa uliounganisha tafiti za nchi nyingi, uliochapishwa mwaka 2015, ulikadiria kwamba asilimia 10 hivi ya watu wenye miaka 50 na akili timamu kabisa wana amiloidi kwenye ubongo, na kwamba wakifika miaka 90 wanakuwa asilimia 44. Basi katika watu wetu 1,000, tuseme 100 wanayo na 900 hawana. Tuseme pia kipimo ni kizuri: kinawanasa 90 kati ya kila 100 wenye amiloidi, na kinawasafisha 90 kati ya kila 100 wasio nayo. Watakaoambiwa “ndiyo” ni 90 wenye amiloidi, na wengine 90 wasiokuwa na chochote. Nusu kwa nusu. Kipimo hakijaharibika, kimepelekwa tu mahali ambapo wasio na ugonjwa ni wengi mno kuliko wenye nao. Kuna mambo pia yanayoyumbisha kiwango chenyewe. Figo zisizofanya kazi vizuri huipandisha p-tau kwenye damu, na unene mkubwa unaweza kuishusha.

Haya, tuseme wewe umo katika wale 90 wa kweli. Una amiloidi. Bado hilo si sawa na kuwa na ugonjwa unaokunyang’anya kumbukumbu. Amiloidi huanza kujikusanya miaka 15 hadi 20 kabla ya dalili, na watu wengi huzeeka nayo na kufariki kwa sababu nyingine wakiwa wanawatambua wajukuu wao wote. Kwa hiyo jibu la “ndiyo” leo halikuambii kama utaugua. Halikuambii lini. Na hakuna dawa hata moja iliyoidhinishwa kwa mtu asiye na dalili. Utakachobaki nacho ni hofu, na kila jina utakalosahau kuanzia siku hiyo litakuwa ushahidi dhidi yako. Katika baadhi ya nchi kuna maabara zinazouza vipimo hivi moja kwa moja kwa watu, bila daktari wa kuwasimamia kabla au baada. Napinga biashara hiyo kwa nguvu zangu zote.

Kuhusu jeni, kuna mambo mawili tofauti ambayo magazeti huyachanganya. Zipo jeni tatu, APP, PSEN1 na PSEN2, ambazo zikiwa na hitilafu husababisha Alzheimer karibu kwa hakika, kwa kawaida mtu akiwa na miaka kati ya 30 na 60, na kila mtoto ana nafasi moja kati ya mbili ya kuirithi hitilafu hiyo. Wagonjwa wa namna hii hawafiki asilimia 1 ya wagonjwa wote. Mama yako alianza akiwa na miaka 74. Kama katika ukoo wenu hakuna watu kadhaa, kizazi baada ya kizazi, waliougua kabla ya miaka 60, hilo liondoe moyoni.

Inayozungumzwa zaidi ni APOE, ambayo uhusiano wake na Alzheimer uligunduliwa mwaka 1993. Kila mtu ana nakala mbili za jeni hii, moja kutoka kwa kila mzazi, na nakala huja kwa aina tatu zinazojulikana kama e2, e3 na e4. Mwenye nakala moja ya e4 ana hatari mara mbili hadi tatu ya asiye nayo. Mwenye nakala mbili hukadiriwa kuwa na hatari mara nane hadi kumi na mbili. Tarakimu hizo zimetoka zaidi kwa watu wa asili ya Ulaya, na hili wengi hawaambiwi: kwa watu wa asili ya Afrika, tafiti zimeonyesha mara kwa mara kwamba nguvu ya e4 ni ndogo zaidi. Wapo wenye nakala mbili waliozeeka salama, na wapo wagonjwa wengi wasio na e4 hata moja. Ukipima leo, utapata namba ambayo haibadilishi chochote katika nitakayokushauri hapa chini. Siku APOE itakapokuwa na kazi halisi ni pale mtu mwenye ugonjwa uliothibitishwa anapofikiria dawa mpya, kwa sababu ambayo utaiona sasa hivi.

Dawa zenyewe ni kingamwili (protini za kinga, kama zile ambazo mwili hutumia kupambana na vijidudu) zilizotengenezwa maabara, ambazo kwa kawaida huingia kwa dripu, kuing’ang’ania amiloidi na kuiondoa. Mbili ndizo zinazozungumzwa leo: lecanemab, inayotolewa kila baada ya wiki mbili, na donanemab, inayotolewa mara moja kwa mwezi. Jaribio kubwa la lecanemab, ambalo matokeo yake yalitoka mwishoni mwa mwaka 2022, lilikuwa na watu 1,795 wenye Alzheimer ya mwanzoni, nusu wakipata dawa na nusu wakipata dripu isiyo na dawa, wala mgonjwa hajui yuko upande upi. Baada ya miezi 18, makundi yote mawili kwa wastani yalikuwa yameshuka. Walioshuka kwa kasi ndogo ni waliopata dawa, kwa tofauti ya asilimia 27. Ila utafiti ulipima hali ya mgonjwa kwa kipimo chenye alama 0 hadi 18, na kwenye kipimo hicho tofauti kati ya makundi mawili ilikuwa alama 0.45, chini ya nusu alama. FDA iliipa lecanemab idhini kamili Julai 2023, na donanemab ikafuata Julai 2024 baada ya jaribio la watu 1,736.

Mimi nazitazama hivi. Ni mara ya kwanza katika historia ya ugonjwa huu tunagusa kiini chake na mgonjwa akapata nafuu inayopimika. Dawa za zamani zinapunguza dalili tu kwa muda. Nililisubiri jambo hili miaka mingi na nafurahi kuliona. Lakini maneno “zinasafisha ubongo” yanaahidi kitu ambacho dawa hizi hazitoi. Amiloidi inaondoka kweli. Picha za PET zinaonyesha hivyo bila ubishi. Kumbukumbu zilizopotea hazirudi, na ugonjwa hausimami. Unapungua kasi. Kwa familia moja, miezi michache zaidi ya mzazi kujua jina la mwanawe ina thamani isiyo na kipimo. Familia nyingine itatazama safari za hospitali, picha za MRI za mara kwa mara na hatari zilizopo, ikasema hapana. Zote mbili naziheshimu.

Hatari zenyewe ni kuvimba kwa ubongo na kuvuja damu humo. Mara nyingi hutokea bila dalili na huonekana kwenye MRI tu, lakini zipo zilizoua: katika jaribio la donanemab, vifo vitatu vilihusishwa nazo. Hapa ndipo APOE inaporudi. Katika jaribio la lecanemab, kuvimba kwa ubongo kulitokea kwa takriban asilimia 5 ya wasio na e4, asilimia 11 ya wenye nakala moja, na asilimia 33 ya wenye nakala mbili. Ndiyo maana Umoja wa Ulaya, ulipoiidhinisha lecanemab Aprili 2025, uliwaacha nje wenye nakala mbili. Kwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, hatari ya kuvuja damu huwa kubwa zaidi, na madaktari wengi hawampi.

Kumbuka pia aducanumab, kingamwili iliyotangulia. FDA iliipitisha mwaka 2021 kwa hoja kwamba inaondoa amiloidi, ingawa jopo lake lenyewe la washauri lilipinga. Ushahidi kwamba inamsaidia mgonjwa ulikuwa dhaifu, na mwaka 2024 watengenezaji wakatangaza kuachana nayo. Na mwezi Novemba 2025 yalitoka matokeo ya semaglutide, dawa ya kisukari na unene ambayo watu wengi, wakiwemo wanasayansi makini, waliitarajia sana kwa Alzheimer kwa sababu takwimu za wagonjwa wa kisukari zilidokeza inalinda ubongo. Watu zaidi ya 3,800 walishiriki. Haikupunguza kasi ya ugonjwa. Nakutajia hizi mbili ili utakaposoma kichwa cha habari kinachosema “dawa mpya yaleta matumaini”, uulize jambo moja tu: je, imelinganishwa na dripu au kidonge kisicho na dawa, kwa wagonjwa wa kweli?

Sasa tufike pale nilipokuahidi. Mwaka 2024 tume ya wataalamu ya jarida la Lancet ilitaja mambo 14 yanayoongeza hatari ya demenshia na yanayoweza kubadilishwa, ikakadiria kwamba yote yakiondolewa, takriban asilimia 45 ya demenshia duniani ingezuilika au kucheleweshwa. Hayo ni makadirio ya dunia nzima, si ahadi kwako binafsi, na baadhi yake, kama elimu ya utotoni na hewa chafu, hayako mikononi mwa mtu mmoja. Lakini mengi hutenda kazi zaidi katikati ya umri, kati ya miaka 40 na 65. Hapo ndipo ulipo.

La kwanza kabisa ni presha. Kama ningeruhusiwa kukuambia jambo moja tu, ningekuambia hili. Jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2019 lilionyesha kwamba walioshushwa presha (ile namba ya juu) hadi chini ya 120, badala ya chini ya 140, walipata udhaifu wa kumbukumbu wa hatua ya awali pungufu kwa asilimia 19. Kwa demenshia yenyewe tofauti haikuwa kubwa vya kutosha kuwa na uhakika nayo, na ubishi ukaendelea. Kisha mwaka 2025 China ikatoa matokeo ya vijiji 326, watu karibu 34,000 wenye presha. Katika nusu ya vijiji, wahudumu wa afya wasio madaktari walifundishwa kuwapa watu dawa na kuwafuatilia. Vingine vikaendelea na huduma ya kawaida. Baada ya miaka minne, demenshia ilikuwa pungufu kwa asilimia 15 katika vijiji vilivyofuatiliwa. Nalipenda jaribio hilo kwa sababu dawa zilizotumika ni zilezile za kila siku, zilizopo kwa miongo, na waliozitoa si mabingwa. Hakuna kingamwili ya dripu yenye ushahidi wa kuzuia demenshia kwa watu wengi kiasi hicho. Presha haina maumivu, kwa hiyo usiingoje ikuambie ipo. Ipime.

Masikio nayo. Kutosikia vizuri ni miongoni mwa mambo yenye uzito mkubwa katika orodha ya Lancet. Jaribio la mwaka 2023 liliwapa watu wa miaka 70 hadi 84 vifaa vya kusaidia kusikia na kuwafuatilia miaka mitatu. Kwa kundi zima hakukuwa na tofauti. Kwa wale tu waliokuwa na hatari kubwa tangu mwanzo, kushuka kwa kumbukumbu na uwezo wa kufikiri kulipungua kwa karibu nusu. Ushahidi huo haujakamilika, lakini kifaa hakina madhara na kinakurudisha kwenye mazungumzo na watu, na upweke nao umo katika orodha. Kolesteroli mbaya iliingizwa kwenye orodha mwaka huohuo wa 2024, pamoja na macho yasiyotibiwa. Sigara, kisukari, kutofanya mazoezi na pombe nyingi unavijua.

Kuna utafiti mmoja uliotoka Aprili 2025 ambao umewashangaza hata wasioshangaa kirahisi. Wales ilipoanza kutoa chanjo ya mkanda wa jeshi Septemba 2013, iliweka mpaka wa tarehe ya kuzaliwa: aliyezaliwa tarehe 2 Septemba 1933 au baadaye aliruhusiwa, aliyezaliwa hata siku moja kabla hakuruhusiwa kamwe. Watu waliozaliwa wiki moja kabla na wiki moja baada ya tarehe ile hawatofautiani kwa lolote, si kwa elimu, si kwa lishe, si kwa afya. Tofauti yao ni ruhusa ya chanjo tu. Watafiti wakawafuatilia miaka saba. Waliopata chanjo walikuwa na demenshia pungufu kwa takriban moja ya tano, na faida ilionekana zaidi kwa wanawake. Chanjo ile ya zamani imeachwa katika nchi nyingi na nafasi yake imechukuliwa na mpya, na wanasayansi wanaendelea kutafuta jinsi inavyolinda ubongo: huenda ni kwa kukituliza kirusi kinachojificha kwenye neva, huenda ni kwa kuuamsha mfumo wa kinga. Siwezi kukuambia uchanjwe ili usipate Alzheimer. Naweza kukuambia kwamba chanjo mpya inapendekezwa katika nchi kadhaa kuanzia miaka 50 kwa ajili ya mkanda wa jeshi wenyewe, ugonjwa wenye maumivu makali, na hiyo peke yake ni sababu tosha ya kumuuliza daktari wako.

Vidonge vya “kuimarisha kumbukumbu” viache. Ginkgo, maarufu kuliko vyote, ilijaribiwa kwa watu zaidi ya 3,000 na matokeo kutolewa mwaka 2008. Haikuzuia demenshia.

Yapo mambo mawili yatakayonifanya nibadili jibu langu. La kwanza linakuhusu wewe. Ikiwa watu wa karibu nawe wataanza kuona unarudia maswali, unapotea njia unayoipita kila siku, unashindwa kazi za hesabu ulizozizoea, au vipimo vya kumbukumbu kwa daktari vikionyesha upungufu, basi kipimo cha p-tau217 kitakuwa mahali pake, na nitakuwa wa kwanza kukuambia ukifanye. La pili linahusu sayansi. Majaribio mawili makubwa yanaendelea, la lecanemab na la donanemab, kwa watu wenye amiloidi ambao bado hawana dalili zozote. Mwaka 2025 utafiti mdogo wa watu wenye zile jeni adimu za kurithi, waliopewa kingamwili nyingine kwa miaka mingi kabla ya dalili, ulidokeza kwamba huenda dalili zilicheleweshwa kwa kundi la watu 22 waliotumia muda mrefu zaidi. Ni wachache mno kujenga jambo juu yao. Lakini majaribio yale makubwa yakithibitisha hivyo, kumpima mtu mzima asiye na dalili kutakuwa na maana ambayo leo hakuna.

Kwa wiki hii, panga kumwona daktari wako wa kawaida. Mwombe presha, sukari, kolesteroli, B12, thairoidi na kipimo kifupi cha kumbukumbu, na mweleze wazi kuhusu usingizi wako, hedhi, na moyo wako tangu mama afariki. Nenda na mtu anayeishi nawe, ili aulizwe yale usiyoweza kujiona mwenyewe. Beba pia dawa zote unazotumia, hata za mafua na za usingizi ulizonunua bila kuandikiwa.